Swift Sport, Golf GTI au GR Yaris: hachibeki ya kasi ya zama zipi itakufaa?

Binamu yangu wa Nyali alinitumia picha tatu usiku mmoja. Ya kwanza Suzuki Swift Sport ya manjano. Ya pili Golf GTI nyeupe yenye ule mstari mwekundu kwenye grili. Ya tatu Toyota GR Yaris iliyokuwa bado mnadani Japani. Chini yake akaandika: "Kaka, mbili za kwanza nazimudu, ya tatu itabidi nikope. Nichukue ipi?"

Nilianza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Kwa macho, magari haya ni ndugu: mafupi, yenye hasira, yanayoegeshwa popote. Ukiyaendesha, unagundua kwamba kila moja limetoka katika zama zake. Anayechagua bila kujua zama hizo hununua jina, kisha matatizo ambayo hakuyategemea yanamfuata nyumbani. Kwa hiyo nitaanza kidogo na historia, nitaje vigezo vyangu, kisha niyapime yote matatu kwa vigezo hivyohivyo.

Yalikotoka

Hachibeki ni lile gari lisilo na buti ya kutokeza. Mlango wa nyuma hufunguka juu pamoja na kioo chake, na viti vya nyuma hulala ukitaka kupakia mzigo. Hachibeki ya kasi ni gari hilohilo la sokoni na shuleni lililotiwa injini kali, breki za kutosha na springi ngumu, bila kuacha kazi yake ya nyumbani. Mwenye gari moja tu anapata gari la familia na gari la kumfurahisha Jumapili asubuhi, yote katika maegesho mamoja.

Wengi huanza kuhesabu na Golf GTI. Volkswagen waliionyesha Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuiuza 1976: injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110, uzito wa kilo 810 hivi. Walipanga kuunda magari 5,000 tu, lakini kizazi hicho cha kwanza kikavuka 460,000. Viti vyake vya kitambaa cha miraba na kirungu cha gia mfano wa mpira wa gofu vilibuniwa na Gunhild Liljequist, na hadi leo GTI mpya bado hutoka na viti vya miraba. Mwaka 1984 Peugeot wakaja na 205 GTI, nyepesi na kali kwenye kona kiasi kwamba dereva aliyetoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona aliweza kuona mkia wa gari ukitaka kumpita.

Sisi huku tuliziona zikipita kwenye vumbi. Lancia Delta Integrale, ambayo chini ya ule utukufu wote ni hachibeki ya milango mitano, ilishinda Safari Rally mwaka 1988 na 1989 ikiwa na Miki Biasion, na 1991 ikiwa na Juha Kankkunen. Golf GTI nayo ilishinda rally ya Ivory Coast mwaka 1987, Kenneth Eriksson akiwa usukanini.

Kisha magari yakanenepa. Mifuko ya hewa, mihimili ya kuzuia ajali milangoni, kiyoyozi, vioo vya umeme: vyote vina faida, na vyote vina kilo. Golf GTI ya kizazi cha tatu, ya miaka ya 90, ilianza na farasi 115. Hao ni farasi watano tu zaidi ya GTI ya kwanza, ilhali uzito ulikuwa umepanda kwa zaidi ya kilo 200. Jina lilibaki, makali yakapungua. Waundaji wakatoka kwenye tope hilo kwa njia tatu. Wengine walibaki na gari dogo jepesi lenye injini isiyo na turbo, yaani bila kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu. Wengine walitia turbo na giaboksi ya kompyuta. Na wengine, baadaye sana, walirudi kwenye rally. Picha tatu za binamu yangu ni njia hizo tatu.

Vigezo nilivyotumia

Sikuanza na kasi ya mwisho. Kati ya Mombasa na Voi hakuna mahali halali pa kuitumia. Nimetumia vigezo vitano: kila farasi anabeba kilo ngapi na dereva anahisi nini; gari linastahimili vipi barabara zetu; fundi, spea na mafuta; maisha ya kila siku na familia; na mwisho, kulipata kwenyewe, yaani sheria za umri, ushuru na mitego ya sokoni.

Magari niliyoyapima ni haya:

Swift Sport yenye namba ya modeli ZC32S, iliyoanza mwisho wa 2011: lita 1.6 bila turbo, farasi 136, takriban kilo 1,050. Nitaitaja pia mrithi wake, ZC33S ya 2017, kwa sababu ina habari yake.

Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyoanza 2013: lita 2 yenye turbo, farasi 220, karibu kilo 1,390 kwa zile za soko la Japani. Ile iliyofanyiwa marekebisho 2017 ina farasi 230.

GR Yaris ya 2020: lita 1.6 ya silinda tatu yenye turbo, magurudumu yote manne yanavuta, farasi 272 kwa soko la Japani, kilo 1,280.

Kila farasi anabeba kilo ngapi

Gawanya uzito kwa nguvu. Golf ya 1976: kila farasi alibeba kilo 7.4. Swift Sport ZC32S: kilo 7.7. GTI ya kizazi cha saba: kilo 6.3. GR Yaris: kilo 4.7. Ina maana kwamba Swift, gari la miaka 35 baadaye, inakupa mwendo wa karibu sana na GTI ya mwanzo. Baadhi ya watu hulisoma hilo kama udhaifu. Mimi nalisoma kama uaminifu kwa wazo la asili.

Nimeendesha Swift Sport ya gia za mkono kutoka Kombani kupanda Kwale, pale barabara inapoanza kujipinda kuelekea Shimba Hills. Nguvu yake kamili iko juu kabisa, kwenye mizunguko 6,900 kwa dakika, kwa hiyo gari haikupi kitu bure. Ukiizembea kwenye gia ya nne inapanda kama gari la kawaida. Ukishusha hadi ya pili kabla ya kona, ukaisikia injini ikibadilika sauti, mwili mzima wa gari unakaza, na unaona usukani unavyokuambia kila kokoto iliyo chini ya tairi. Uko kwenye kilomita 70 kwa saa na moyo unadunda. Hicho ndicho kitu ambacho magari yenye nguvu zaidi hayakuuzii: kufurahi ndani ya mwendo ulioruhusiwa.

ZC33S ina turbo ya lita 1.4, farasi 140, na ya gia za mkono ina kilo 970 tu. Gari jipya kuwa jepesi kuliko lililotangulia ni jambo nadra sana katika miaka hii, na nawapongeza Suzuki kwa moyo wote. Inavuta mapema zaidi, haikudai upandishe mizunguko kama kaka yake. Mlio wa juu umepungua, urahisi umeongezeka.

GTI ni tabia nyingine kabisa. Torki yake, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 350 inaanza kwenye mizunguko 1,500 tu, yaani karibu na pale injini inapoamka. Uko nyuma ya lori pale Mariakani, nafasi imepatikana, unakanyaga, giaboksi ya DSG, ile otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili, inashuka gia kabla hujamaliza kufikiri, na lori limeshabaki nyuma. Kuanzia kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 6.5. Hufanyi kazi kubwa, gari linakufanyia. Kwa safari ndefu, hakuna kati ya haya mengine mawili linalokufikisha ukiwa umepumzika namna hiyo.

GR Yaris inahitaji maneno machache, kwa kuwa ukiikanyaga maneno huisha. Sekunde 5.5 hadi kilomita 100. Unaweza kugawa nguvu mbele na nyuma kwa swichi: 60 kwa 40 kwa kawaida, 30 kwa 70 ukitaka mkia uchangamke, 50 kwa 50 kwa uwanja wa mashindano. Paa ni la nyuzi za kaboni, boneti na milango ni aluminiamu, yote ili uzito ushuke. Gari hili liliundwa na watu waliokuwa wanajiandaa kwa mashindano ya dunia, na unalihisi hilo kabla hujatoka getini.

Barabara zetu

Hapa magari yote matatu yana deni kwetu. Yote yako chini kuliko hachibeki za kawaida, na matuta yetu mengine yamejengwa na mtu ambaye nadhani alikuwa na trekta akilini.

Swift ndiyo ngumu zaidi kwa mwendo wa polepole. Gari ni fupi, springi ni ngumu, tairi ni 195/45 kwenye rimu za inchi 17, na kwenye barabara ya vumbi ya Msambweni ndani ndani inaruka kama mtoto wa mbuzi. Ila kwa sababu ni nyepesi, shimo haliiumizi kwa kishindo kikubwa, na tairi zake ni za bei ya kubebeka.

GTI huja mara nyingi na rimu za inchi 18 na tairi 225/40. Ukuta wa tairi ni mwembamba kama mkate wa kumimina uliokataa kuumuka. Shimo moja la usiku lenye maji, na unaweza kupinda rimu na kupasua tairi kwa pamoja. Ukiinunua, fikiria kushuka hadi inchi 17 yenye tairi nene zaidi. Gari haliharibiki sura kwa hilo, na mgongo wako utakushukuru. Ukishafanya hivyo, GTI ndiyo inayopita vizuri zaidi kwenye lami mbovu. Imetulia, haipigi kelele ndani, na mama mkwe akikaa mbele hatalalamika.

Kuhusu GR Yaris kuna jambo linalowapoteza watu. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, Toyota Yaris imeshinda kila mwaka hadi 2025 kule Naivasha, kuanzia na Sébastien Ogier. Basi mtu anawaza: gari lililoshinda pale litashindwa na nini? Yale ya Naivasha yameinuliwa, yana shoki za aina nyingine, yana bamba la kulinda tumbo, na baada ya kila hatua kuna mafundi wanaongoja. La dukani lina rimu za inchi 18 na limekaa karibu na ardhi. Magurudumu manne yanayovuta yatakusaidia sana kwenye lami yenye maji na kwenye changarawe laini, lakini hayataliinua gari juu ya mwamba.

Fundi, spea na mafuta

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu hapa ndipo nilipolipa ada.

Kabla ya haya niliwahi kuwa na GTI ya kizazi cha tano, ile ya turbo ya farasi 200 iliyotoka 2004. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba gari "limefanyiwa kila kitu". Baada ya miezi michache taa ya injini ikawaka, gari likakosa nguvu nikiwa Daraja la Nyali na watu wa bodaboda wakinipita. Fundi wangu alifungua skrubu tatu za pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa, akaingiza vidole, akatoa kikombe kidogo cha chuma kisichozidi ukubwa wa kizibo cha soda. Alikiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kimetoboka katikati, kingo zake zikiwa kali kama wembe. Kikombe hicho hukaa kati ya pampu na kamshafti, ile shafti inayofungua vali za injini, na kinatakiwa kukaguliwa na kubadilishwa kabla hakijafika hapo. Chenyewe ni cha bei ndogo. Kamshafti kiliyoila haikuwa ya bei ndogo.

Nalisema hili ili mjue kitu kuhusu zama za turbo: gari halikuambii linaumwa kwa sauti ya zamani ya kugonga na kulia. Linaumwa kimya, kisha linasimama. Kila kizazi cha GTI kina ugonjwa wake unaojulikana, na kujua jina la ugonjwa ni nusu ya tiba. Kizazi cha tano ni hicho kikombe pamoja na mkanda wa taimingi. Kizazi cha sita, hasa za mwanzo, ni kikaza cheni ya taimingi na unywaji wa oili. Kizazi cha saba kimetulia zaidi, lakini kagua pampu ya maji na nyumba ya themostati yake ya plastiki, huvuja. Uliza pia oili ya DSG na chujio lake. Ile ya gia sita hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000, na kwa joto letu na foleni ya Changamwe mimi singengoja zifike. Muuzaji asiye na risiti ya oili hiyo, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Na fundi wa GTI awe na mashine ya kusoma kompyuta ya magari ya Volkswagen. Anayebahatisha atakubadilishia spea nne kabla ya kuifikia iliyoharibika.

Swift ZC32S haina mambo hayo. Injini yake ni ya cheni, haina turbo, na fundi yeyote mzuri wa magari ya Kijapani ataielewa akifungua boneti. Kinachotesa ni spea za "Sport" zenyewe: bampa, shoki zake, klachi yake. Hizo si za Swift ya kawaida, na mara nyingi utaagiza. Kama ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, oili ya giaboksi iwe ileile inayotakiwa na kiwanda, asije mtu akakumiminia yoyote aliyonayo kwenye galoni.

GR Yaris ni Toyota, na jina hilo huwapa watu usingizi mzuri. Kwa injini na giaboksi, wana haki. Kwa bodi, hapana. Gari hili lina milango mitatu na mwili wake peke yake. Linashirikiana na Yaris ya kawaida taa, vioo vya pembeni na vitu vichache sana. Ukigongwa ubavuni, usitarajie kupata mlango kwenye maduka ya spea kuukuu. Bima yake iwe kamili, na uisome mkataba hadi mwisho.

Mafuta: magari yote matatu yanataka petroli ya okteni ya juu. Fungua kifuniko cha tangi na usome kibandiko kabla hujasoma kitu kingine. Swift ndiyo inayokunywa kidogo kuliko zote. GR Yaris ikiendeshwa namna inavyokushawishi uiendeshe, utajuana na wahudumu wa sheli kwa majina.

Maisha ya kila siku

GTI inaongoza hapa kwa mbali na sioni haja ya kuzunguka. Buti ya lita 380, milango mitano kwa nyingi zinazopatikana kwetu, viti vya nyuma vya watu wazima, kiyoyozi kinachopambana na Machi ya Mombasa. Unaweza kuishi nayo bila gari la pili. Jambo la kujua ni kwamba zilizotoka Japani huja na skrini ya Kijapani, na redio yake haifiki masafa yetu yote mpaka ifanyiwe kazi.

Swift ZC32S ina buti ya lita zipatazo 210. Kiti cha mtoto kinaingia, masanduku mawili hayaingii. Kwa mtu mmoja au wenzi wawili inatosha vizuri. Maegesho ya Old Town au Biashara Street utayapata mahali wengine wanazunguka mara tatu.

GR Yaris: viti vinne, milango miwili ya watu, na buti ya lita 174. Paa linashuka kwa nyuma, mtu mrefu atainamisha shingo safari nzima. Mwenye watoto wadogo atajifunza kukunja kiti cha mbele kwa mguu huku mtoto yuko mkononi. Si gari baya kwa hilo, liliundwa kwa jambo lingine.

Kulipata: umri, ushuru na mitego

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa sheria hiyo, ZC32S mpya kutoka Japani haiji tena. Utaipata tu iliyokwisha sajiliwa hapa. GTI za kizazi cha saba zinazoweza kuingia sasa ni zile za mwishomwisho. Tanzania haifungi mlango kwa umri, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, kwa hiyo msomaji wa Dar au Tanga ana uchaguzi mpana zaidi, mradi apige hesabu ya ushuru kabla ya kupenda picha.

Kitu kingine kwa wa Kenya: injini isiyozidi cc 1,500 hulipiwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini. Swift ZC33S, yenye cc 1,371, inaingia hapo. Mengine yote niliyoyataja yako juu ya mstari huo.

Mitego sasa. Kuna GR Yaris iitwayo RS. Kwa nje inafanana, beji ni zile, milango mitatu ileile, lakini ina injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, giaboksi ya CVT, na magurudumu ya mbele tu ndiyo yanayovuta. Bei yake mnadani iko chini, na hapo ndipo mtu hudhani ameokota dhahabu. Angalia namba ya modeli kwenye cheti cha kusafirishia gari: GXPA16 ndiyo yenye turbo, MXPA12 ni RS. RS ni gari zuri la mjini, ilimradi uliyelilipia ulijua unalipia nini.

Golf nazo, ziko za lita 1.2 na 1.4 zilizobandikwa beji ya GTI kwenye yadi. Soma cc: GTI ni 1,984. Tazama mabomba ya moshi: ya kizazi cha saba ina moja kila upande. Swift ni hivyohivyo: kuna Swift RS, iko Swift Sport, na namba ZC32S au ZC33S ndiyo shahidi.

Na kwa yote matatu omba karatasi ya mnada, ile inayoonyesha daraja la hali ya gari. Daraja la R maana yake gari lilitengenezwa baada ya ajali. Hachibeki za kasi hununuliwa na watu wanaopenda kasi, na baadhi yao huko Japani walizipeleka uwanjani kabla hazijapanda meli.

Kwa hali yako

Kama uko peke yako au mko wawili, bajeti ina mipaka, na unataka kujifunza kuendesha kwa kweli, Swift Sport ya gia za mkono itakufundisha mengi bila kukufilisi. Ukiwa Kenya na unaagiza, chukua ZC33S. Ukikuta ZC32S iliyotunzwa hapa nyumbani na mwenyewe ana risiti, usiidharau.

Kama una familia, gari ni moja nyumbani, na safari za Nairobi ni za kila mwezi, GTI ya kizazi cha saba inakidhi mengi. Sharti ni kwamba fundi awe amepatikana kabla ya gari, na uwe na akiba ya pembeni ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiye na fundi wala akiba, Swift itamstahi zaidi. Za kizazi cha tano na cha sita ni kwa mtu anayependa kushika spana mwenyewe au ambaye fundi wake anazifahamu kwa muda mrefu.

Kama gari la familia lipo tayari, una mahali salama pa kuegesha, na hili ni gari la mapenzi, GR Yaris haina mpinzani kati ya haya matatu. Usiikope kwa pesa ya karo. Na kama unasitasita kati ya gia za mkono na otomatiki, yapo ya otomatiki ya gia nane tangu 2024, bora kwa foleni.

Kama uko barabara ya vumbi kila siku, kilomita nyingi kabla ya kufika lami, yaache yote matatu kwa sasa.

Binamu yangu ana watoto wawili, ofisi iko Miritini, na kila Disemba humpeleka mama yake Taita. Nilimwambia aende akaione ile GTI nyeupe akiwa na fundi, tochi na kitambaa cheupe, apapase chini ya nyumba ya themostati, kisha aendeshe nusu saa kwenye foleni asikilize DSG ikipanda na kushuka gia za chini. Amepanga Jumamosi. Ile picha ya Swift ya manjano bado hajaifuta simuni mwake, na sijamwambia aifute.